Isipokuwa

Mimi ndiye niliyekiandika kifungu cha nne.
Jumanne moja ya Februari, ghorofa ya kumi na mbili, Gatineau,
kahawa imepoa, mto umeganda,
Ouimet amesimama nyuma ya kiti changu:
"Fupisha, Natela. Sheria ndefu ina milango mingi."
Nikafupisha.
Mtumishi hatafanya kazi ya serikali akiwa nje ya mipaka ya nchi,
isipokuwa kwa kibali cha maandishi.

Niliionea fahari ile "isipokuwa."
Niliiona kidirisha, nimemwachia mtu fulani
nisiyemjua jina.

Siku zile walikuwa visa vya kuchekesha tu.
Yule wa Forodha aliyehudhuria kikao kutoka Varadero,
jogoo akimwikia katikati ya bajeti.
Yule wa Takwimu aliyehamia Lisbon kimyakimya,
akaumbuliwa na jua:
kwetu saa sita mchana,
dirishani kwake linatua.
Tulicheka hadi machozi.
Kwa ajili yake nikaandika cha tano, kompyuta isivuke mpaka,
na cha sita, cha kodi, kinachohesabu siku
kama bahili anavyohesabu punje.

Sasa ni Novemba.
Mama ameanguka Kutaisi, kwenye ngazi za jikoni,
bakuli la komamanga mkononi.
Nyonga imevunjika.
Eteri, jirani, alinipigia kwa video, akasahau kugeuza kamera,
kwa hiyo sikumwona mama.
Niliona sakafu, na komamanga mbili
zimepasuka, hazijaokotwa.

Nikajaza fomu. Fomu yangu mwenyewe.
Sababu ya ombi, kwa maneno yasiyozidi hamsini.
Nani huyu aliyeamua hamsini?
Nilimpunguza mama, nikampunguza tena,
nikatoa mumewe, nikatoa ngazi,
hadi yakabaki maneno sita ya ziada
nami nikayatumia:
ananiita kwa jina la dadaye marehemu.
Kisha nikayafuta. Hayakuwa na sauti ya kiofisi.

Nilipendekeza zamu, nikachora na jedwali:
kule saa kumi na moja jioni mpaka saa saba usiku,
ndiyo saa mbili mpaka saa kumi ya hapa.
Mchana wa mama, usiku wa serikali.
Usingizi sikuutengea safu.

Ouimet alisoma polepole. Si mtu mbaya, Ouimet;
mezani ana picha ya mbwa aliyekufa miaka tisa iliyopita.
Aliweka kidole juu ya "isipokuwa,"
kama mtu anayejaribu kitasa gizani.
"Kibali hiki," akauliza, "kinatolewa na nani?"

Nikasoma kifungu. Nikakisoma tena.
Sikuwa nimeandika.

"Mkurugenzi atasema ni Hazina," akasema,
"Hazina watasema ni Usalama,
na Usalama..." Akaivua miwani.
"Ulisema nifupishe," nikamwambia.
"Nilisema," akajibu.

Mchimba kisima, wanasema, huingia mwenyewe.
Hawasemi kama humo ndani ana bahati ya kukuta maji.

Nilichukua likizo bila malipo.
Kompyuta mpakato niliikabidhi kaunta ya chini,
nikatia sahihi, nikapewa risiti
kama niliyeacha koti kwenye ukumbi wa dansi.

Wiki ya tatu sasa, Kutaisi.
Ikifika saa kumi na moja jioni vidole vinaamka vyenyewe,
vinatafuta herufi kwenye ukingo wa kitanda.
Jana usiku, mama amelala,
niligeuza risiti ya duka la dawa nikaanza kurekebisha.
Hii nayo, naona, ni kazi ya serikali
nje ya mipaka ya nchi.
Niliendelea.
Kibali kitatolewa ndani ya siku tatu na

Mama akafumbua macho.
Aliniita kwa jina langu.
Alitaka maji.